Kati ya Hatarishi na Hatarini: Uhakiki wa Istilahi za Virusi vya UKIMWI kwa Msomaji wa Kigoma na Ujiji

1. Jambo linalohakikiwa

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi zinazotumiwa kueleza jinsi virusi vya UKIMWI (VVU) vinavyobadilika, jinsi vinavyokutana katika mwili mmoja na kuzaa virusi vya sura mpya, na jinsi tunavyowataja watu ambao jambo hilo huwapata zaidi kuliko wengine. Istilahi zenyewe ni "makundi hatarishi", "aina", "mchanganyiko" pamoja na ndugu zake "mseto" na "chotara", kisha "maambukizo mapya", na mwisho "virusi vya nyani". Zote husikika katika semina na kusomwa katika vipeperushi, magazeti na ripoti zilizotafsiriwa.

Tumechagua kuzipima istilahi hizi kwa sikio la msomaji wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tunazo sababu mbili. Kwanza, ziwa hili lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 linapakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji umekuwa kituo cha mizigo iendayo Bujumbura na Kalemie. Katika mialo ya Kibirizi na Katonga wavuvi wa dagaa na migebuka, wachuuzi, mabaharia na wasafiri wa pande zote za ziwa hukutana. Wilayani Kasulu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Neno lolote linalohusu watu na maradhi likitamkwa katika nchi ya namna hii humwangukia jirani mara moja. Pili, kaskazini ya mji wa Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambamo sayansi ya virusi hivi ilipata mojawapo ya masomo yake makubwa.

Hatusemi kwamba Kigoma ina maradhi haya kuliko kwingine. Kinyume chake, uchunguzi wa kitaifa umeonyesha mara kwa mara kwamba kiwango cha maambukizo cha mkoa huo kiko chini ya wastani wa taifa. Tunalolisema ni kwamba istilahi mbovu hudhihirika upesi zaidi mahali ambapo watu wa asili mbalimbali wanaishi bega kwa bega.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili kina viambishi vinavyotaja waziwazi nani anatenda na nani anatendwa. Istilahi ikikosea hapo haikosei sarufi peke yake. Humtwika mtu lawama ya jambo lililotendwa na kirusi. Istilahi karibu zote tunazozihakiki zina kosa hili au zinalikaribia.

2. Sayansi inayotafsiriwa

Mfasiri hawezi kupima neno bila kujua kitu kinachotajwa. Kwa hiyo hapana budi tueleze kwa ufupi jambo lenyewe.

Kila chembe ya VVU imebeba nakala mbili za maandishi yake ya urithi, yaani RNA, na kila nakala ina herufi zaidi ya 9,000. Kirusi kiingiapo katika seli ya kinga, kimeng'enya chake huyanakili maandishi hayo na kuyageuza kuwa DNA. Kimeng'enya hiki tunaweza kukifananisha na mwandishi anayenakili kitabu kwa mkono: ni mwepesi, lakini hasahihishi kazi yake. Hukosea herufi hapa na pale, wala hakuna anayempitia. Zaidi ya hayo, kwa kuwa amewekewa nakala mbili mbele yake, huruka kutoka nakala moja hadi nyingine katikati ya mstari, mara kadhaa kabla hajamaliza kitabu.

Nakala hizo mbili zikiwa sawasawa, kuruka huko hakuonekani. Lakini mtu akiwa ameambukizwa virusi viwili vyenye asili tofauti, na virusi hivyo vikaingia seli moja, seli hiyo yaweza kutoa chembe iliyobeba nakala moja ya kirusi cha kwanza na nakala moja ya kirusi cha pili. Chembe hiyo ikiingia seli nyingine, mnakili ataruka kama ilivyo desturi yake, na safari hii kitabu kitakachotoka kitakuwa na kurasa za mwanzo za kitabu kimoja, kurasa za kati za kitabu kingine, na pengine mwisho wake umerudi kwa kile cha kwanza. Ni kitabu kimoja, kina jalada moja, nacho kitanakiliwa hivyo hivyo vizazi vyote vifuatavyo.

Ili jambo hili litokee ni lazima mambo matatu yakutane: mwili mmoja, virusi viwili tofauti na seli moja. Basi yafuata kwamba hutokea mara nyingi zaidi pale ambapo matawi mengi ya kirusi yamekutana, na kwa watu ambao maisha au kazi zao zinawakutanisha na maambukizo mara kwa mara.

Ushahidi mzuri wa hapa nchini ulitoka Mbeya, mkoa ambao kama Kigoma uko mpakani. Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba sehemu kubwa ya virusi walivyovichunguza mkoani humo vilikuwa na maandishi ya namna hiyo, na kwamba havikutokana na mzazi mmoja. Kila kimoja kilikuwa kimezaliwa kivyake. Kuanzia mwaka 2000 wanawake wapatao 600 waliofanya kazi katika baa za mkoa huo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuambukizwa virusi zaidi ya kimoja kulikuwa kwingi kwao kuliko kwa wananchi wengine waliochunguzwa. Virusi vilivyokutana hapo ni vya matawi ambayo wataalamu huyataja kwa herufi A, C na D, na hayo ndiyo matawi makuu ya Tanzania Bara. Ng'ambo ya kaskazini, nchini Burundi, tawi C ndilo lililotawala. Ng'ambo ya magharibi, nchini Kongo, yako karibu matawi yote yajulikanayo duniani, kwa sababu huko ndiko virusi hivi vimekaa katika wanadamu kwa muda mrefu kuliko kwingine kokote.

3. "Makundi hatarishi"

Tuanze na istilahi inayotajwa kila siku. Watu kama wale wanawake wa Mbeya, pamoja na wavuvi wa kambini, madereva wa masafa marefu, wanaofanya biashara ya ngono na wanaojidunga dawa za kulevya, wameitwa kwa Kiswahili "makundi hatarishi".

Tuipasue istilahi hii. Mzizi ni "hatari". Kitenzi "hatarisha" kina kiambishi cha kutendesha: kuhatarisha ni kutia katika hatari. Kutokana na kitenzi hicho tumepata kivumishi "hatarishi", kama vile kutokana na "potosha" tunapata "potoshi", na kutokana na "rutubisha" tunapata "rutubishi". Habari potoshi ni habari inayopotosha watu, siyo habari iliyopotoshwa. Chakula rutubishi ni kile kinachorutubisha mwili. Basi kwa kanuni hiyo hiyo kundi hatarishi ni kundi linalowatia wengine hatarini.

Hivi sivyo mtaalamu alivyokusudia. Yeye alisema kwamba watu hao wanakabiliwa na hatari kubwa kuliko wastani. Mfasiri akawachukua walio hatarini, akawafanya chanzo cha hatari. Msichana anayeuza vinywaji katika baa jirani na mwalo, ambaye ripoti ilikusudia alindwe kwanza, katika Kiswahili amekuwa mtu wa kuepukwa. Mtumishi wa serikali anayesoma maneno haya katika mpango wa kazi ataelewa kwamba kazi yake ni kuwalinda wananchi dhidi ya msichana huyo. Na msichana mwenyewe akisikia kwamba zahanati imefungua "huduma kwa makundi hatarishi", ni vigumu kuona kwa nini aingie mlango huo.

Wapo watakaotujibu kwamba neno limekwisha enea na maana yake imezoeleka. Tunakubali kwamba matumizi yana nguvu kuliko kamusi. Lakini matumizi yenyewe yanatushuhudia, kwani watu wale wale husema "tabia hatarishi" na "mazingira hatarishi", na hapo wanasema sawasawa: tabia huhatarisha, mazingira huhatarisha. Neno moja haliwezi kuwa na maana ya kutenda linapofuata "tabia" na maana ya kutendwa linapofuata "makundi" katika ukurasa mmoja.

Baadhi ya waandishi wameona ubaya huu, wakakimbilia "makundi maalumu". Huko nako si kupona. "Maalumu" haisemi lolote juu ya hatari, na neno hilo hilo limekwisha kabidhiwa wanafunzi wenye ulemavu, wazee na viti vya bungeni. Istilahi inayoficha haina faida kubwa kuliko ile inayotukana. Sisi tunapendekeza "makundi yaliyo hatarini zaidi". Ni ndefu kidogo, lakini inasema kweli.

4. "Aina"

Istilahi ya pili haina tusi. Kosa lake ni uvivu. "Aina" imebebeshwa ngazi zote za uainishaji wa virusi hivi. Ngazi hizo ni nyingi. Kwanza kuna VVU-1 na VVU-2. Ndani ya VVU-1 kuna mafungu ya M, N, O na P, na fungu la M ndilo lililoenea dunia nzima. Ndani ya M kuna A, B, C, D na wenzao, hadi L iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sampuli za Kongo. Ndani ya A kuna A1, A2 na kuendelea. Kisha viko vile vilivyozaliwa kwa kuruka kwa mnakili. Katika Kiswahili cha magazeti vyote hivi ni "aina", na mara nyingi utasoma kwamba imegunduliwa "aina mpya ya UKIMWI".

Hapo yako makosa mawili. La kwanza ni kwamba UKIMWI ni hali ya mwili uliopungukiwa kinga, na chenye matawi ni kirusi. La pili lina madhara zaidi. Kati ya VVU-1 na VVU-2 iko tofauti inayogusa tiba: lipo kundi la dawa, miongoni mwake nevirapini na efavirenzi, lisilofaa kitu kwa VVU-2. Lakini kati ya A, C na D hakuna tofauti ya namna hiyo. Dawa zitolewazo leo huvifubaza virusi vya matawi yote, pamoja na vile vilivyochanganya maandishi. Mgonjwa wa Ujiji anayemeza dawa zake kila siku, akisoma kwamba imeingia "aina mpya", hana njia ya kujua ni ngazi ipi inayosemwa. Akiamua kwamba dawa yake haifai tena, akaiacha, atakuwa ameponzwa na istilahi.

Wala hatusemi kwamba matawi hayana maana kwa afya. Uchunguzi uliofanyika Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba wasiotibiwa wenye tawi D hudhoofika upesi kuliko wenye tawi A. Watengenezaji wa chanjo nao wanapaswa kuyajua matawi yote. Ndiyo maana kila ngazi inastahili jina lake.

Mtu aweza kushauri tuchukue maneno yetu ya nasaba: kabila, ukoo, mlango. Ni maneno mazuri, na ngazi zake zimepangika. Hata hivyo tunayakataa kwa sababu ile ile ya mwambao. Kirusi kikiitwa cha kabila fulani au cha ukoo fulani, mtu wa kwanza kuulizwa ukoo wake atakuwa Mrundi au Mmanyema. Wataalamu walivitaja virusi hivi kwa herufi, nasi hatuna sababu ya kuvirudishia makabila.

Tunaona afadhali maneno ya mti, ambayo pia yanalingana na michoro ya wataalamu wenyewe. "Aina" ibaki kwa VVU-1 na VVU-2 peke yake. M, N, O na P ziitwe "mashina". A, B, C na wenzao wawe "matawi". A1 na A2 wawe "vitawi". Mwalimu anaweza kuchora mti huu ubaoni kwa dakika tano, na mwanafunzi akauelewa.

5. "Mchanganyiko", "mseto", "chotara"

Sasa tumefika kwenye kiini cha sayansi tuliyoieleza, yaani lile tendo la mnakili kuruka na kirusi kinachozaliwa kwalo. Maneno matatu yamejaribiwa.

"Mchanganyiko" ni la kwanza. Dagaa waliochanganyika na mchanga ni dagaa na mchanga. Mwanamke wa Katonga huwapepeta akavitenga. Neno hili linafaa kueleza mtu aliye na virusi viwili mwilini ambavyo bado havijagusana. Halifai kueleza kirusi kimoja ambacho maandishi yake yametoka pande mbili, kwa sababu hicho hakitengeki tena. Kwa kutumia neno moja kwa hali zote mbili tumeifuta hatua yenyewe tuliyotaka kuieleza.

"Mseto" lina ubaya huo huo na jingine juu yake. Katika mseto choroko hubaki choroko na mchele hubaki mchele. Tena neno hili lina kazi nyingine kubwa katika afya: "dawa mseto" ni dawa ya malaria iliyounganisha dawa mbili, na wananchi wamelizoea kwa wema. Mama aliyeambiwa asubuhi kwamba dawa mseto itamponya mtoto wake, na jioni akasikia juu ya "virusi mseto", amepewa fumbo badala ya elimu.

"Chotara" ni neno baya kabisa. Kwanza limewadhalilisha watu tangu zamani. Pili linadai kwamba wazazi wametoa nusu kwa nusu, hali kirusi kinachosemwa chaweza kuwa na sehemu tisa za upande mmoja na sehemu moja tu ya upande wa pili. Tatu, katika mji kama Ujiji, ambao watu wake wametokana na pande zote za ziwa na njia yote ya misafara hadi pwani, "kirusi chotara" ni neno litakalotafutiwa mtu wa kulivaa.

Wengine wamependekeza "muungano". Lakini katika muungano kila upande huingia mzima, ilhali katika tendo letu sehemu ya kila upande huachwa nje.

Pendekezo letu linatoka kwenye kitenzi hicho hicho bila ya kiambishi chake cha kutendana: kuunga. Kuunga ni kushikamanisha kipande na kipande, ncha kwa ncha, kama kuunga kamba. Fundi wa nyavu akitwaa kipande kizima cha wavu mmoja na kukiunga na kipande cha wavu mwingine, atokacho nacho ni wavu mmoja, nao utavua kama wavu mmoja. Basi tendo liitwe "uungaji wa maandishi ya urithi", au kwa ufupi "uungaji". Kirusi kinachotokea kiitwe "kirusi cha kuungwa". Mahali ambapo mnakili aliruka, yaani mpaka wa kipande na kipande, paitwe "kiungo".

Faida ya kitenzi hiki ni kwamba kinazaa istilahi zote zihitajiwazo. Katika mpango wa majina uliochapishwa mwaka 2000, wataalamu walitofautisha virusi vya kuungwa ambavyo vimeonekana kwa watu watatu au zaidi wasioambukizana moja kwa moja, na vile vilivyoonekana kwa mtu mmoja au kundi dogo tu. Vya kwanza hupewa herufi CRF na namba. Kimojawapo, CRF10_CD, kilielezwa mwaka 2001 kutokana na sampuli za Tanzania, na jina lake linasema kwamba kimeungwa kutokana na matawi C na D. Kwa Kiswahili vya kwanza vitakuwa "virusi vya kuungwa vilivyoenea" na vya pili "virusi vya kuungwa vya pekee". Vingi vya Mbeya vilikuwa vya pekee.

Tunatambua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kuunga ni neno la jikoni pia, kwani mboga huungwa kwa nazi. Tunajibu kwamba hakuna atakayedhani kirusi kimetiwa nazi, muktadha unatosha. Ya pili ni kwamba tungeweza kukopa neno la kigeni na kulitamka kwa Kiswahili, "rikombinesheni". Mtaalamu wa maabara atalitumia apendavyo. Lakini neno hilo halimwambii mwalimu wa sekondari ya Kigoma lolote, na utaratibu wetu wa siku zote ni kutafuta kwanza nyumbani. Isitoshe, tazama kiambishi: kirusi "cha kuungwa" ni kitu kilichotendwa. Hakuna kabila lililokiunga, wala mwanamke wa baa hakukiunga. Kimeng'enya ndicho kilichokiunga.

6. "Maambukizo mapya"

Mwaka 2002 zilielezwa kwa mara ya kwanza habari za watu ambao, wakiwa tayari wana VVU, waliambukizwa tena kirusi kingine cha asili tofauti. Hili ni tofauti na kuambukizwa virusi viwili kwa wakati mmoja. Katika Kiswahili yote mawili yameitwa "maambukizo mapya". Lakini "maambukizo mapya" tayari ni istilahi ya takwimu: huhesabu watu ambao hawakuwa na virusi mwaka jana na mwaka huu wanavyo. Mtumishi anayejaza fomu hawezi kuweka mambo matatu katika safu moja.

Tunapendekeza "maambukizo pacha" kwa virusi viwili vilivyoingia pamoja, na "maambukizo ya nyongeza" kwa kirusi kilichokuja juu ya kingine. "Maambukizo mapya" yaachiwe takwimu.

Hapa pana jambo zito. Wapo mume na mke, wote wawili wana virusi, wanaoambiwa mtaani kwamba hawana tena cha kujikinga. Hawajapewa neno la kuwaonyesha kwamba kirusi cha mmoja si lazima kiwe kirusi cha mwenzake. Neno "nyongeza" linafungua mlango wa kueleza hayo, na pia wa kueleza habari njema inayofuata: mtu anayemeza dawa zake ipasavyo hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Bila ya istilahi sahihi, nusu ya kwanza ya habari hii huwa tishio na nusu ya pili haiaminiki.

7. "Virusi vya nyani"

Istilahi ya mwisho inatuhusu moja kwa moja sisi wa mwambao. Katika lugha za Ulaya liko neno moja linalowajumuisha kima, nyani na sokwe. Mfasiri hulitafsiri "nyani", na virusi vya wanyama hao huwa "virusi vya nyani". Mtu wa Dar es Salaam hatashtuka. Lakini mkulima wa Mwamgongo au Mtanga, vijiji vinavyopakana na Gombe, anamjua nyani mmoja mmoja. Ndiye anayekula mahindi yake. Naye sokwe anamjua mbali na nyani. Katika Manyema, ng'ambo ya ziwa, David Livingstone alilisikia neno "soko" kwa mnyama wa jamii hii na kuliandika katika kumbukumbu zake, jambo linaloonyesha kwamba lugha za eneo hili hazikuhitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Ukweli ni huu. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, wana kirusi cha jamii moja na VVU-1. Kilipatikana kwa kupima mkojo na kinyesi chao bila ya kuwagusa. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba sokwe wenye kirusi hicho hufa mapema zaidi kuliko wenzao wa umri huo huo, na kwamba kinga yao hupungua kama ya mgonjwa wa UKIMWI. Lakini kirusi cha Gombe sicho kilichotuletea maradhi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba shina M la VVU-1 lilitokana na sokwe wa jamii nyingine, wa kusini-mashariki ya Kameruni.

Tena kirusi cha sokwe chenyewe ni cha kuungwa. Mwaka 2003 ilibainishwa kwamba maandishi yake yametokana na virusi vya kima wa namna mbili tofauti, ambao sokwe huwinda na kula jamaa zao. Kwa hiyo uungaji ulitangulia mwanadamu, baa na kambi ya wavuvi. Mwalimu wa Kigoma akitaka mfano wa kuwaondolea wanafunzi wake fikira kwamba jambo hili huzaliwa na uovu wa watu, anao karibu na mji wake.

Basi tunashauri iandikwe "virusi vya sokwe" pale ambapo sokwe wanasemwa, "virusi vya kima" pale ambapo kima wanasemwa, na "virusi vya jamii ya kima na sokwe" kwa wote. "Nyani" libaki kwa nyani. Asiyefanya hivyo humpa mkulima sababu ya kumwua nyani kwa kosa ambalo hata sokwe wa hapo hakulitenda.

8. Mapendekezo

Lugha yetu imekwisha fanya vema katika uwanja huu. Wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wananchi waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuja na wachuuzi wa mpakani. Jina hilo lilinyoosha kidole kwa mchuuzi na mnunuzi. Neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, liliondoa kidole hicho na kutaja linalotokea ndani ya mwili. Baadaye "dawa za kufubaza virusi" likasema hasa kazi ifanywayo na dawa, bila ya kuahidi kupona. Haya mawili yanatosha kuwa kipimo cha istilahi zote zifuatazo.

Kwa muhtasari tunapendekeza: makundi yaliyo hatarini zaidi, badala ya makundi hatarishi, aina, shina, tawi na kitawi, kila moja kwa ngazi yake, uungaji, kiungo na kirusi cha kuungwa, badala ya mchanganyiko, mseto na chotara, maambukizo pacha na maambukizo ya nyongeza, mbali na maambukizo mapya, na virusi vya sokwe au vya kima, siyo vya nyani.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, hasa wale walio Kigoma, Kasulu, Uvinza na mikoa mingine ya mpakani, na watuletee maoni. Kabla ya kutuandikia, tungependa wafanye jaribio moja dogo. Wachukue sentensi waliyoitafsiri, waisome kwa sauti mbele ya mtu anayetajwa na sentensi hiyo, kisha wamwulize ni nani aliyetenda. Akijibu kwamba ni yeye, hali aliyetenda ni kirusi, sentensi hiyo irudi mezani.